“Ni 15 kwa 15, zinaingia”

SWALI

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mkazi wa Moshi mjini, ila nyumbani ni Kibosho. Nina Noah ya mwaka 2004, ya petroli, inayovuta mbele. Siku za wiki inapeleka watoto shule na mimi kazini. Jumamosi inapanda mlimani na magunia ya pumba, inashuka na mikungu ya ndizi. Ndiyo gari ya ukoo: pakitokea msiba au harusi inaulizwa yenyewe kwanza, mimi baadaye.

Shida ilianzia kwenye tumbo la gari. Ukiacha lami kwenda kwetu kuna kipande cha kama kilomita mbili chenye mgongo katikati, na masika iliyopita nilikwangua mara tatu. Tairi za mbele nazo zilikuwa zimebaki vipara. Nikaona nimalize yote kwa safari moja: nipate tairi mpya na gari inyanyuke.

Nikaenda duka moja mjini. Zilizokuwa zimefungwa ni 195/65R15. Nikamwambia muuzaji nataka kitu kirefu kidogo. Akanitolea 205/70R15, akasema, “Mkuu, tairi ni 15, rimu yako ni 15, ni 15 kwa 15, zinaingia.” Na kweli ziliingia. Hela ilitosha mbili tu, tukafunga mbele, za nyuma nikaziacha kwa kuwa bado zina meno kidogo, kama milimita 3 hivi. Siku hiyo nilirudi nyumbani najiona nimepanda Prado.

Wiki haikuisha. Nikikata usukani hadi mwisho, hasa kushoto nikiwa na mzigo, nasikia mpira unasugua plastiki. Taa ya ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasibane, imewaka tangu siku ya pili. Nikizima gari inapotea, nikitembea kidogo inarudi. Mlimani gari imekuwa nzito, inashuka gia mahali ambapo zamani ilikuwa inapita tu. Na juzi nimepigwa tochi kwenye kibao cha 50 pale Bomang’ombe, naambiwa nilikuwa 54, wakati mshale wangu ulikuwa umegusa 51. Elfu thelathini ikaondoka.

Fundi wangu anasema dawa ni kukata ile plastiki ya ndani ya madigadi, halafu ninunue 205/70 nyingine mbili za nyuma “ili zilingane”. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa lori, anasema niachane na hizo zote nifunge 195R15C za ply 8, eti hazijui mawe. Mke wangu anasema nirudishe namba iliyokuwepo, na hela ya tairi mbili za nyongeza tununue simenti tuzibe kile kipande cha barabara. Nishike la nani?

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko kimeandikwa 195/65R15 91S, upepo 230 kPa. Rimu kwa ndani imeandikwa 15x6J. Sijui kama vinasaidia.

Baba Mapacha, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu, habari za huko mlimani?

Vinasaidia sana. Kibandiko hicho ndicho kilichojibu barua yako, mimi nakusomea tu. Na katika washauri wako watatu, mama mapacha ndiye aliyekaribia, ingawa hiyo simenti aiweke stoo kwanza, tutaifikia.

Nilianza kazi ya matairi enzi kile kiwanda cha General Tyre hapa Arusha bado kinafanya kazi, na hata wakati ule mteja alikuwa anaingia gereji na swali lile lile: “Ngapi kwa ngapi?” Hiyo 15 aliyokuonyesha muuzaji ni tundu. Ni kipenyo cha rimu kwa inchi, basi. Inakuambia tairi litakaa kwenye rimu, haikuambii kitu kingine chochote. Hata kofia inayokuingia kichwani inaweza kuwa na ukingo mpana kiasi cha kugonga mlango.

Sasa soma namba yote. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 wengi wanadhani nayo ni milimita. Hapana, ni asilimia ya ule upana. Ina maana ubavu wa tairi, kuanzia kwenye rimu hadi linapokanyaga, una kimo cha asilimia 65 ya 195, karibu milimita 127. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Tairi likisimama lina ubavu chini, rimu katikati, ubavu juu. Jumlisha hizo tatu unapata kimo cha milimita 635 hivi.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa lile ulilouziwa. Asilimia 70 ya 205 ni milimita 143 na nusu, mara mbili ni 287, weka na 381: ni 668. Angalia vizuri kilichotokea hapo, maana ndipo watu wengi wanapoteleza. Namba zote mbili zimepanda kwa pamoja. Upana umeongezeka, na asilimia ya huo upana ulioongezeka nayo imeongezeka. Macho yanaona 195 imekuwa 205 na 65 imekuwa 70, vitu vidogo vidogo, kumbe kimo kimeruka zaidi ya asilimia 5. Sisi gereji tunajiwekea kikomo cha asilimia 3 kutoka kwenye kimo cha kiwandani, juu au chini, na kwa gari linalobeba watoto mimi napenda kubaki karibu na 2.

Umepata nini kwa hizo milimita 33? Gari linanyanyuka kwa nusu yake tu, kwa sababu nusu nyingine inakwenda juu ya ekseli, ndani ya madigadi, ambako ndiko inakosugua. Inabaki kama milimita 17. Kidole gumba changu ni kipana kuliko hapo. Na kwa kuwa umefunga mbele peke yake, tumbo la gari pale katikati limepanda milimita 8 au 9. Kilichozidi hapo, ukilinganisha na zile za vipara, ungekipata hata kwa tairi mpya la namba ile ile, kwa sababu meno mapya yana kimo na kipara hakina. Ile Prado uliyoiona njiani ilikuwa ni hela iliyokutoka, mwanangu.

Taa ya ABS nayo haina uchawi. Chukua chaki, simamisha gari mahali pa saruji palipo sawa, weka alama kwenye tairi la mbele na chini yake, sogeza gari hadi alama izunguke mara moja irudi chini, weka alama nyingine. Fanya vivyo hivyo nyuma. Utakuta la mbele limetembea zaidi ya sentimita 10 kuliko la nyuma kwa mzunguko mmoja. Kwa gari lako ni mbaya kuliko hata hesabu ya kwenye karatasi, maana matairi ya nyuma yameshakula milimita kama 5 za meno kila upande wa kipenyo. Lile la nyuma sasa hivi lina kama 625, la mbele 668. Hiyo ni tofauti ya asilimia 7. Kompyuta ya breki kazi yake ni kuhesabu mizunguko ya magurudumu manne na kuyalinganisha. Gurudumu linalozunguka polepole kuliko wenzake inalishuku kwamba linataka kubana na kuteleza. Ya kwako mawili ya mbele yanazunguka polepole siku nzima, hata ukiwa hujagusa breki. Imechanganyikiwa, ikawasha taa na kujitoa. Taa ikiwa imewaka, breki za kawaida zipo, lakini ule msaada wa kuzuia magurudumu yasibane kwenye utelezi haupo. Na wewe Jumamosi unashuka Kibosho na ndizi kwenye udongo mwekundu uliolowa. Kama kuna jambo moja la haraka kwenye barua yako, ni hili.

Uzito wa mlimani umetoka hapo hapo. Tairi kubwa ni sawa na kupandishwa gia bila kuulizwa: injini inazunguka mara zile zile lakini inatakiwa kulisogeza gari mbali zaidi. Tambarare huhisi, mlimani lazima uhisi. Breki nazo zina kazi kubwa zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa tochi, nakutetea nusu. Spidi mita yako inahesabu mizunguko ya magurudumu ya mbele, haijui kwamba umebadilisha tairi. Mshale ukisema 51, tairi hilo limekufikisha 53 na kitu. Kwa hiyo tairi limekuongezea mbili na nusu hivi. Nyingine iliyozidi 50 ni mguu wako, na hiyo usimpelekee muuzaji. Njia hiyo ya Moshi kuja Arusha ina vibao vya 50 kila penye soko, Bomang’ombe, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru. Ukiwa na spidi mita inayodanganya kwa kupunguza, utawachangia kila kituo.

Sasa washauri. Fundi wako anataka kukata plastiki. Mwambie aache kisu mfukoni. Ile plastiki inazuia matope na mawe yasiingie kwenye nyaya na kwenye mkanda wa injini, halafu yenyewe siyo tatizo, ndiyo inayokupigia kelele tu. Ukiikata, kelele itaisha, na tairi litaendelea kusogea. Nyuma yake kuna shokapu na sahani ya springi, na tairi lako jipya liko karibu nayo kwa milimita 17 kuliko linavyotakiwa. Ingiza vidole kati ya tairi na ile sahani gari likiwa halina mzigo. Mimi nisipoingiza vidole viwili hapo, gari halitoki gerejini. Nimewahi kuletewa tairi lililochongwa na sahani ya springi, mstari mmoja mwembamba umezunguka begani kama umekatwa na uzi, nyaya za ndani zinaonekana. Mwenyewe alikuwa anajua kwamba “linalia kidogo kwenye kona”.

Hilo la kuongeza mawili ya nyuma ili yalingane lina ukweli kiasi: taa ya ABS ingeweza kuzima, kwa kuwa magurudumu yote yangekuwa sawa. Kusugua kungebaki, spidi mita ingebaki, uzito wa mlimani ungebaki. Ungekuwa umelipa mara mbili kwa kosa moja.

Shemeji yako namheshimu, lakini anaongea kilori. 195R15C haina asilimia iliyoandikwa, na watu wanaiona 195 wanasema ni ile ile. Tairi lisiloandikwa asilimia ubavu wake ni kama asilimia 80 au 82 ya upana. Piga hesabu ya 80: 156 mara mbili, na 381, ni 693. Limezidi lako kwa zaidi ya asilimia 9! Ile C ni ya magari ya mizigo, tairi gumu, linataka upepo mwingi ndipo libebe uzito wake ulioandikwa. Kwenye Noah yenye mama na watoto wawili litadunda barabara nzima kuja mjini. Kwenye Hiace ya mizigo iliyozaliwa nalo, sawa kabisa.

Ufunge nini basi? La kwanza ni 195/65R15, lililoandikwa mlangoni. Kama moyo unakuuma kurudi pale pale, upande wa juu ninaoweza kukuruhusu ni 205/65R15, yote manne. Kimo chake ni 647 na nusu, limezidi kwa asilimia 2. Rimu yako ya 6J, ambayo ni upana wa inchi 6, inayakubali yote mawili bila kuyabana wala kuyatanua. Lakini ujue kwamba hiyo 205/65 itakunyanyua milimita 6 na nusu, na kabla hujalipa yajaribu mawili mbele: gari lipakie, kata usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, rudi nyuma ukiwa umekata, pita juu ya tuta polepole. Likigusa popote, rudi kwenye 195.

Usiishie kwenye vipimo. Ile 91S baada ya namba haijawekwa kama urembo. 91 inamaanisha tairi moja linabeba kilo 615 likiwa na upepo wake. S ni mwendo, mwisho kilomita 180 kwa saa, na hiyo kwa barabara zetu isikuumize kichwa. Umiza kichwa kwenye 91. Kuna siku utaambiwa 195/65 zimeisha, kuna 185/65R15, bei nzuri, “tofauti ni ndogo”. Kimo chake kweli hakijapishana sana, kimepungua asilimia 2 tu. Lakini mengi ya hayo yameandikwa 88, yaani kilo 560. Umepoteza kilo 55 kwa kila gurudumu, 220 kwa gari zima, karibu watu wazima watatu. Kwa mtu wa peke yake na begi la kompyuta haijalishi sana. Kwa Noah inayoitwa kwenye msiba, watu wanane na masufuria, inajalisha. Namba hiyo ikipanda hakuna shida, ikishuka chini ya iliyoko mlangoni mrudishie mwenye duka tairi lake.

Geuza pia tairi utafute neno DOT na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upande mmoja wa tairi unaweza usiwe nazo, angalia wa pili. Meno mazuri kwenye tairi la mtumba hayana maana kama mpira umezeeka. Pinda ubavu kwa mkono, ukiona nyufa ndogo ndogo kama udongo uliokauka, liache, hata wakikupunguzia.

Hela ikitosha mawili tu, nunua mawili ya 195/65R15, na utanishangaa nikikuambia uyafunge nyuma, yale ya nyuma yenye milimita 3 uyalete mbele. Madereva wengi wanabishana na mimi hapa, kwa sababu gari linavuta mbele. Mbele likiteleza unalisikia kwenye usukani na unaachia mafuta. Nyuma likiteleza kwenye kona ya kushukia, gari linageuka na kukutazamisha ulikotoka. Halafu jipange ukamilishe kabla ya masika, milimita 3 si za kuingilia nayo.

Haya mawili ya 205/70 yauze. Ni mapya, kuna magari yanayotumia namba hiyo, utapoteza kiasi lakini hutatupa.

Tumbo la gari sasa. Noah ya 2004 yenye historia ya magunia ya pumba, mimi ningetazama springi kabla ya kitu kingine chochote. Egesha mahali palipo sawa, bila mzigo, chukua futi ya fundi nguo. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Ukipima hivyo ukubwa wa tairi hauingii kwenye hesabu, unapata habari za springi tupu. Kushoto na kulia zikipishana sana, au nyuma ikiwa imekaa kama kuku anayeatamia, umepata mwizi wako. Springi iliyochoka inaweza kukuibia sentimita 3 au 4, karibu mara mbili au zaidi ya kile ulichokitafuta kwenye tairi, na kuirudisha ni kufunga springi mpya za namba yake. Spesa za kuweka juu ya shokapu zipo, mafundi wengi hapa Unga Limited wanazifunga, lakini usizifunge juu ya springi iliyochoka. Unakuwa umemvalisha mgonjwa viatu virefu.

Baada ya hapo, kama gari bado linakwangua, mpe mama mapacha ruhusa ya simenti. Au muungane na majirani mpate lori moja la kokoto, mchimbe ule mgongo wa katikati kwa majembe Jumamosi moja, kazi ya asubuhi.

Na leo hii kabla hujalala fungua nyuma uangalie tairi la spea. Nina hakika ni 195/65 ya zamani. Ukipata pancha ya mbele kabla hujabadilisha, utakuwa na 668 upande mmoja na 635 upande wa pili kwenye ekseli inayovuta, na difu itasaga njia nzima kujaribu kuzipatanisha. Ikitokea, chukua moja la nyuma ulilete mbele pamoja na spea, na lile kubwa lililobaki zima ulifunge nyuma mahali pake.

Fundi Mzee, Arusha